Unene Ulivyonifichia Unyonge

Ilikuwa Tarawehe ya usiku wa pili wa Ramadhani ya 2022, nyumbani kwetu Wete, Pemba. Tulikuwa wanawake watano ukumbini, wifi yangu yuko ubavuni mwangu. Tulitoka kwenye sijida, wenzangu wakasimama, mimi nikabaki chini. Nilitia viganja vyote viwili kwenye msala nikasukuma. Magoti yaliitika kidogo, mapaja yakakataa. Nikasukuma tena. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka kuanzia kwenye kifundo mpaka begani, jasho linanitiririka ndani ya kanga. Kwa pembeni nikaiona miguu ya wifi yangu, mikavu, imesimama wima. Nikakaa. Niliimaliza sala nimekaa, na kesho yake mwanangu wa kike akanitilia kiti ukumbini.

Hakuna aliyeshtuka. Watu wa nyumbani walisema magoti, na mimi nikasema magoti. Mgonjwa ameruhusiwa kusali amekaa, na ruhusa hiyo sikuionea haya wala siionei haya leo. Ila kuna hesabu ambayo sikuipiga, mimi niliyesomesha sayansi na hesabu skuli ya msingi kwa miaka zaidi ya 30. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku. Ukizisali chini, unainuka kutoka sakafuni mara 12 ndani ya sala zenyewe na mara 5 unapoondoka kwenye msala. Mara 17 kila siku mapaja yanaubeba mwili mzima, tangu utotoni. Kilipokuja kiti, zote 17 ziliondoka siku moja, na sikuweka kitu chochote pahala pake.

Nina presha tangu 2009. Niligunduliwa nikiwa bado kazini, 160 kwa 100, nikaanza vidonge na sijaacha mpaka leo. Unene nao ni wa siku nyingi. Nilistaafu 2016 nikiwa na miaka 60 na kilo 88, nikafika 92, nikaganda hapo. Urefu wangu ni mita 1.56, kwa hiyo ukigawa kilo 92 kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata karibu 38, na kuanzia 30 mtu huhesabiwa ana unene wa kupindukia. Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa najua pia kwamba unene unaipandisha presha, na kila mwezi kwenye kituo cha afya niliambiwa nipunguze uzito. Nisilolijua ni kwamba mtu mnene anaweza kuwa dhaifu. Mzee dhaifu kwangu mimi alikuwa yule aliyekonda, mifupa ya mashavu nje, kanzu inampwaya. Mimi nilikuwa nimejaa. Watu wakiniona wanasema, "Mashallah, Mwalimu, uzee haujakugusa." Kwetu mtu aliyenona ni mtu anayetunzwa na wanawe. Akikonda, majirani huanza kuuliza kulikoni katika nyumba ile.

Kwa hiyo huruma yote ilikwenda kwa wifi yangu. Ananizidi miaka sita na hafiki kilo 50. Nilimsindikiza siku moja kwenda kuchukua Pencheni Jamii, ile iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70. Tulikaa kwenye benchi refu. Jina lake lilipoitwa aliinuka na kwenda, hata benchi halikushika kwa mkono. Yeye ndiye mwenye pencheni, mimi ndiye msindikizaji, na wakati wa kurudi alisimama mara tatu njiani akinisubiri, hajasema neno. Nilipofika nyumbani nilisema jua lilikuwa kali.

Naishi Nyumba za Maendeleo, yale majengo ya ghorofa ya serikali, ghorofa ya pili. Baada ya kiti cha kusalia, vikaja vingine kimoja kimoja. Nikaacha kushuka sokoni, maana wajukuu wapo. Nikaacha kufua kwa mikono. Kibao cha mbuzi kikatiwa uvunguni, kwa sababu ukikaa pale chini kukuna nazi kuinuka ni kazi. Kila nikitaka kushika kitu nasikia, "Mama, kaa, tutafanya sisi." Mkwe wangu akiniona na ufagio ananipokonya kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Haya ni mapenzi, na mzazi gani hayataki? Nilikaa. Nilikaa asubuhi na maandazi na chai ya maziwa, nilikaa adhuhuri na wali wa nazi, nilikaa jioni kwenye baraza ya chini siku nilizoweza kushuka. Uzito ulikuwa ule ule, 92, 91, 92. Mizani huusoma uzito tu. Haikuniambia kwamba ndani ya zile kilo 92 nyama zinaondoka na mafuta yanaingia.

Mwanzoni mwa 2024 nilifanya kosa kubwa, na hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Presha yangu ilikuwa imepanda, nikaongezewa kidonge, nikaambiwa tena nipunguze uzito. Sikuambiwa vipi. Nikajipangia chakula mwenyewe. Asubuhi chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na kipande cha muhogo wa kuchemsha, mchana mchicha na wali kidogo, usiku sili. Samaki nikaacha kwa kuwa samaki wetu sisi ni wa nazi au wa kukaanga, mayai nikaacha kwa kusikia yana mafuta, maziwa nikaacha. Miezi miwili nikapungua kilo 7. Nilisifiwa na kila mtu, na kituoni pia. Lakini nilikuwa sijiwezi. Kunyoosha shuka kitandani kulinichosha mpaka nikae. Kifuniko cha chupa ya maji nilimpa mjukuu wa miaka tisa anifungulie.

Usiku mmoja wa Shaaban niliamka kwenda chooni. Niliposimama tu macho yakaingia kiza, kisunzi kikanizungusha, nikautafuta ukuta nisiupate. Nilianguka ubavu, kichwa kikapiga ukingo wa mlango. Nikiwa pale chini nilikuwa na akili zangu zote, nayajua majina ya wajukuu wangu wote, nasikia feni inazunguka, na sikuweza kuinuka. Nilijaribu ile ile ya kwenye msala, viganja chini na kusukuma. Mwishowe nikaita. Walikuja watatu kuninyanyua.

Nashukuru hakikuvunjika kitu. Hospitali nilikutana na daktari, mwanamke kijana, ambaye kabla ya kuuliza nimeumia wapi alinilaza, akanipima presha. Kisha akanikalisha akapima, 138 kwa 82. Nikafurahi, nikadhani ndiyo imekaa sawa. Akasema, "Bi mkubwa, sasa simama, nikushike." Akaniacha nimesimama dakika moja, akapima tena. 112 kwa 70.

"Umeona?" akaniambia. "Ukikaa ni nzuri. Ukisimama inaanguka namba 26. Ikishuka 20 au zaidi ile ya juu, au 10 ile ya chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo tayari ni hatari ya kuanguka."

Kwa miaka 15 ya vidonge nimepimwa presha mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na zote nimekaa. Simlaumu mtu kwa jina. Nasema tu kwamba kipimo kile kilihitaji dakika moja, na mashine ni ile ile.

Alinieleza sababu. Mishipa ya damu ya mtu mzima, na zaidi ya mtu mwenye presha, imekuwa migumu, haijikazi upesi mtu anaposimama. Misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kuirudisha damu juu, na yangu ilikuwa imelegea. Juu yake nilikuwa nakunywa kidonge cha kukojosha na kingine cha kulegeza mishipa, halafu sili usiku, sinywi maji ya kutosha kwa kuogopa kuamka. Vyote vikakutana kwenye mlango wa choo. Akapunguza kidonge kimoja na kuniandikia tarehe ya kurudi. Akanisisitiza nisije nikapunguza mwenyewe siku nyingine nikijisikia vizuri, maana presha ikipanda kimya kimya ndiyo inayoleta kiharusi. Ramadhani ilikuwa inakuja, nikamwambia mapema kwamba nia yangu ni kufunga, akapanga vidonge vya futari na vya daku. Alisema anapenda mgonjwa anayemwambia kabla, kuliko anayeamua peke yake kisha akaletwa amezimia.

Kisha akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kumbe ni mwanafunzi wangu. "Shikamoo Mwalimu." Marahaba, mwanangu. Akanipa kifaa cha kukaza kiganja, akasema, "Kaza kama unakamua ndimu." Nilikaza mpaka meno. Kilisoma kilo 14, na kwa mwanamke chini ya 16 ni alama ya misuli dhaifu. Akanitembeza mita nne huku anahesabu. Akanikalisha kwenye kiti cha mbao, mikono kifuani, akataka niinuke na kukaa mara tano. Hata mara moja sikuweza bila ya kushika. Akanipima kiuno kwa utepe, sentimita 112. Kwa mwanamke, kuanzia 88 tayari ni mafuta mengi ya tumboni.

Alinieleza jambo ambalo nalirudia kwa kila mtu anayetaka kunisikiliza. Mwaka 2001 daktari mmoja Mmarekani, Linda Fried, na wenzake walitoa dalili tano za kumtambua mzee aliyedhoofika: kupungua uzito bila ya kukusudia, kuchoka kupita kiasi, mkono usiokaza, mwendo wa polepole, na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi amedhoofika. "Sisi sote tunaiangalia ile ya kwanza tu, Mwalimu," akasema. "Mtu akikonda tunakimbia. Wewe ulikuwa na hizo nne nyingine, na hakuna aliyeziona kwa sababu umejaa."

Niliumia kusikia neno hilo, kudhoofika, nikiwa nimeukalia mwili wa kilo 85. Lakini niliielewa sayansi yake. Misuli huanza kupungua polepole mtu akiwa bado na nguvu zake, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Mafuta ya tumboni hayakai tu pale kama mzigo. Yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya uvimbe wa ndani, kidogo kidogo, siku zote, na hali hiyo inaila misuli na kuifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Mengine hujipenyeza ndani ya nyama yenyewe. Uzito unalemea magoti, magoti yanauma, mtu anakaa. Akikaa misuli inapungua, mafuta yanaongezeka, presha inapanda. Nami niliponyima mwili samaki na mayai ili nikonde, kilo zile saba hazikuwa za mafuta peke yake. Sehemu yake ilikuwa ni mapaja yangu.

"Kwa hiyo nirudi kula?" nikamuuliza. Akasema hapana, upungue, tena unahitaji kupungua, lakini taratibu na misuli ikiwa kazini. Akanisimulia utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, wazee wanene 160 waliofuatiliwa kwa miezi sita, wengi wao wakipunguzwa uzito huku wanafanya mazoezi: waliochanganya mazoezi ya pumzi, kama kutembea kwa kasi, na ya nguvu ndio waliofaidika zaidi katika kutembea na kuinuka kuliko waliofanya ya aina moja.

Mazoezi yenyewe hayakuhitaji kifaa cha kununua. Kiti cha mbao cha mezani kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Juu yake mito miwili ya kochi, kwa sababu kiti kikiwa juu kuinuka ni rahisi. Mikono kifuani, naegemea mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, nainuka. Mara tano, pumziko, mara tano. Siku ya kwanza na mito miwili niliinuka mara tatu, nikatapatapa ya nne, nikakaa. Mjukuu wangu alikuwa anahesabu kwa sauti, na mimi nilitakiwa nihesabu naye. Hilo si la kumfurahisha mtoto. Ukibana pumzi unapotumia nguvu presha inaruka, na mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Baada ya wiki tatu nikaondoa mto mmoja. Wa pili ulikaa pale miezi miwili, na nilikuwa nautazama kila asubuhi kwa hasira.

Kisha kusimama kwa ncha za vidole nimeshika meza ya jikoni. Kusimama kwa mguu mmoja, hapo hapo, meza karibu. Kunyanyua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, baadaye zikatiwa mchanga. Siku tatu kwa wiki, na katikati yake mapumziko, maana misuli hujijenga ikipumzika. Siku nyingine natembea: kushuka ngazi, mpaka barabarani, kurudi. Ngazi za Nyumba za Maendeleo nilizozichukia ndizo zilizogeuka dawa yangu. Nilianza kwa kupanda mpaka ghorofa ya kwanza na kupumzika kwenye kile kiambaza chenye matundu, nasikia upepo wa bandarini.

Vita vikubwa vilikuwa na wanangu. Ilibidi niwakusanye usiku mmoja niwaambie kwa maneno yaliyonyooka: mkininyang'anya ufagio mnaninyang'anya miguu. Mwanangu mkubwa alilia. Alihisi namwambia ametukosea sisi wazazi, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akitutazama kuliko wote. Nikamweleza kuwa huduma haiachwi, inabadilishwa. Asinifulie kanga zangu, aje anisimamie nikisimama kwa mguu mmoja. Asinipandishie maji, apande na mimi kila mtu na kidumu chake. Mkwe wangu ndiye aliyechelewa zaidi, na namwelewa, kwa sababu majirani walimsema. Walimwona mama mkwe anafagia ngazi na yeye yupo.

Chakula kilibadilika zaidi kuliko nilivyodhani. Mzee mwenye figo nzima anahitaji protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo kwa siku, zaidi ya kijana, na ni bora aigawe katika milo yote. Mimi, hata kabla ya kujinyima, protini yangu karibu yote ilikuwa kipande cha samaki cha mchana. Sasa asubuhi nala yai au maharage, mchana samaki mbichi wa kuchoma au wa mchuzi wa ndimu na nyanya, usiku kunde au choroko, au borohoa, mchuzi mzito wa kunde zilizopondwa, bila ya kumwagia tui. Wali nimeupunguza nusu, maandazi ni ya Ijumaa. Chumvi ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, haijai kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya mkate na achari. Sisi tumelelewa na ng'onda na papa, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Dagaa wenyewe huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Dagaa sikuwaacha, nawaloweka na kumwaga maji mara mbili. Ng'onda nimeaga.

Ramadhani ya 2025 ilinikuta na kilo 81 na kiuno cha sentimita 103. Presha 134 kwa 78 nimekaa, 126 kwa 76 nimesimama. Kuinuka kwenye kiti mara tano bila ya kushika na bila ya mto, sekunde 16. Mwanafunzi wangu alifurahi kisha akaniambia ukweli kwamba zaidi ya 15 bado ni udhaifu, akaniandikia miezi mingine mitatu. Mkono unakaza kilo 17. Magoti yangu hayajapona na hayatapona, kwa hiyo Isha na Tarawehe bado nasali kwenye kiti. Alfajiri nasali chini. Nainuka kwa kutanguliza mguu wa kushoto na kiganja kimoja kwenye goti, polepole, na nikisimama nangoja kidogo kabla ya kusoma, kama daktari alivyonifundisha, damu ipande.

Wifi yangu naye nilimpeleka akapimwe, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kutomhukumu mtu kwa kumtazama. Alipita vipimo vyote.

Kibao cha mbuzi nilikitoa uvunguni mwezi wa Shawwal. Kilikuwa na vumbi na meno yameshika kutu, nikayasugua kwa mchanga na ndimu. Nazi siku hizi tunatumia nusu pale tulipokuwa tukitumia mbili, kwa hiyo kazi yenyewe ni fupi. Nakuna mimi. Mkwe wangu hukaa mlangoni mwa jiko anachambua mchele, anaangalia chini, na najua anahesabu nitainuka kwa muda gani.